Mae Tou Alisema Anaweza

Mae Tou alikufa Jumanne na mimi nikaambiwa Ijumaa, tena na mwanamke wa kaunta kwenye duka la vyakula vya Kiasia, huku akipima pilipili zangu. "Si wewe ulikuwa ukikaa kwao?" akaniuliza. "Yule bibi amefariki. Kesho ndiyo ibada, pale hekaluni." Nikabaki nimesimama na pochi mkononi kama mtu aliyezabwa kofi mbele ya watu. Siku tatu nzima! Angekuwa mtu wa kanisa letu ningekuwa nimeshapigiwa simu mara kumi, kikundi kimeshafunguliwa, na tumeshagombana nani atapika chapati na nani ataleta soda. Binti yake ana namba yangu. Sijaibadilisha tangu nilipotoka kwao. Hakunipigia, na sababu yake naijua, na hapo ndipo hasira yangu hukwama, kwa maana kila nikiitafutia mtu wa kumtwika inazunguka weee, halafu inarudi kukaa kwangu.

Nilikaa kwenye nyumba ile mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na mitatu na mtoto wa miezi tisa. Sitasimulia nilivyofika Marekani wala baba wa Neema alikwenda wapi. Hayo hayana utamu na wala hayahusiki. Kinachohusika ni kwamba katika mwaka ule nilijifunza Kilao, lugha ya nyumba ile, kutoka neno la kwanza mpaka nikaweza kuwasikiliza vikongwe wakisengenyana, na siku moja tu ambayo lugha hiyo ilitakiwa, mimi nilinyamaza. Binti ya Mae Tou anaamini kwamba siku ile sikuelewa kilichosemwa. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Nilielewa kila neno.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejibanza Brooklyn Center, kwenye nyumba ya Wakenya wenzangu, wote wakifanya kazi za kutunza wagonjwa, wote shifti za usiku. Nyumba ambayo watu wanalala mchana haimfai mtoto. Mapazia yamefungwa saa zote, kila kopo ndani ya friji lina jina la mwenyewe, na Neema akilia tu saa nne asubuhi mlango unafunguka kidogo na sauti inasema, "Mama Neema, aki mtulize huyo mtoto, leo niko dabo, shifti mbili." Ningemfanya nini? Nilimfunga mablanketi nikamsukuma kwenye kigari chake barabarani, Machi, theluji iliyooza kando ya njia, tunakwenda mpaka kituo cha basi na kurudi, mpaka kituo na kurudi, ili watu wazima wapate usingizi. Mama Shiru wa kanisani akatuona kupitia kioo cha gari lake akasimama.

"Kuna familia ya Walao wanatafuta mtu wa kukaa na bibi yao," akaniambia. "Chumba kiko, chakula kiko, na mtoto hawamkatai."

"Walao ndio nani?"

"Mimi nitajuaje, dadangu? Ni watu wa kule karibu na Thailand. Wanakula na mikono, utasikia uko nyumbani."

"Na wanaongea nini?"

"Si Kilao! Wewe si ulipita lugha mbili Form Four? Ongeza ya tatu."

Alidhani anatania. Nyumba yenyewe haikuwa mbali, basi moja tu. Kulikuwa na watu wawili ndani yake: Mae Tou, maana yake bibi, mwenye miaka sabini na kitu, upande wake wa kulia umelegea kwa kiharusi, na binti yake, aliyekaribia hamsini, ambaye niliambiwa nimwite Euay Chan. Euay ni dada mkubwa. Katika nyumba ile humwiti mtu kwa jina tupu, na hilo halikunipa taabu, hata kwetu huwezi. Euay Chan alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda kule Plymouth, anaunganisha vifaa vya hospitali vidogo kama punje ya mchele huku jicho liko kwenye darubini, anatoka alfajiri na kurudi saa kumi na moja jioni, macho mekundu na mdomo tayari kwa vita. Mimi nilipewa chumba cha chini ya nyumba, chenye dirisha moja juu karibu na dari, ambalo kupitia kwalo ulikuwa unaona viatu vya watu na matairi. Kazi yangu ilikuwa Mae Tou: kumwogesha, kumvisha, kumpandisha ngazi, kumtembeza, kumpikia. Kaunti ndiyo iliyokuwa inampa masaa ya kusaidiwa, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuyafanya masaa hayo. Bila masaa hayo, bibi hakuwa na mtu wa kukaa naye mchana, na mimi na mwanangu hatukuwa na chumba. Hilo nataka liwe wazi kabisa.

Nyumba ilikuwa na majiko mawili. La juu lilikuwa linang'aa, lina tanuri jipya, na hakuna aliyelitumia hata kwa kuchemsha yai. Jiko la kweli lilikuwa gereji. Mlangoni baiskeli mbovu na matairi ya gari ya msimu wa theluji, katikati mkeka wa plastiki, pembeni meko ya gesi na kinu, na kwenye kona ndoo nyeupe yenye mfuniko uliokazwa, ndani yake samaki waliochachushwa kwa chumvi na pumba za mchele, padaek, kitu ambacho siku ya kwanza mfuniko ulipofunguliwa nilidhani kuna kilichofia kwenye bomba. Sebuleni, juu ya rafu iliyo juu kuliko kichwa cha mtu yeyote, kulikuwa na picha ya mwanaume aliyevaa magwanda, na mbele yake machungwa, glasi ya maji, na kopo la soda nyekundu lililofunguliwa na kutiwa mrija, kana kwamba alikuwa ameondoka dakika moja tu na angerudi kulimaliza. Chakula cha kwanza tulikula gereji, tumekaa chini. Wali wao ni wa kunata, unapikwa kwa mvuke na kuwekwa kwenye kikapu kidogo, unaumega kwa vidole. Mimi nikaufanya kama ninavyojua: nikaumega, nikauviringa, nikaubonyeza kwa kidole gumba ukawa na shimo, nikachotea mchuzi. Mae Tou akaacha kutafuna. Halafu akacheka, upande mmoja wa uso ukicheka na mwingine umenuna, akasema kitu kirefu.

"Anauliza nani alikufundisha kula," akasema Euay Chan.

"Mwambie ugali."

"Mwambie mwenyewe," akasema, bila kuniangalia. "Mimi sitakuwa hapa mchana kukutafsiria."

Huyo ndiye Euay Chan. Hakuwa mwalimu, alikuwa askari. Kila jioni, kabla hajavua koti, alinisimamisha kwenye gereji akaninyooshea vitu. Hiki? Hiki? Na ukitaka kumuuliza kama amepata choo? Na ukitaka kumwambia usisimame peke yako? Nikikosea sauti, kwa sababu lugha yao inapanda na kushuka kama mtu anayeimba huku amekasirika, alinirudisha mara kumi na tano. Nilikuwa na daftari la shule ambamo nilikuwa nayaandika maneno kwa tahajia yangu ya Kiswahili, na mshale juu au chini kuonyesha sauti inakokwenda. Nililia juu ya daftari lile. Nililitupa mara moja ndani ya pipa la taka na kulitoa mwenyewe likiwa na maganda ya papai. Na kilichoniudhi kuliko vyote ni Neema, ambaye alikuwa hana meno ya kutosha, kuanza kuongea Kilao kabla yangu. Alikuwa anatambaa mpaka miguuni kwa Mae Tou, anaomba wali kwa sauti ileile inayopanda pale inapotakiwa kupanda, na bibi anamwekea kipande mdomoni huku ananitazama mimi, kama kusema, unaona? Mae Tou naye alikuwa na njia yake. Kiharusi kilikuwa kimefuta Kiingereza chake kidogo alichokuwa nacho, basi hakukitafuta tena. Ukitaka kijiko, taja kijiko. Hujataja, hupewi. Aliwahi kukalia rimoti ya televisheni asubuhi nzima kwa sababu nilikuwa nimenyoosha kidole tu.

Miezi ikaenda hivyo. Wageni walipokuja, wabibi wenzake wenye makoti mazito na vichwa vilivyofungwa skafu, nilikaa kando nikikata majani ya mboga na kusikia jina langu likipita katika mazungumzo kama nzi. Wanacheka. Wanacheka nini? "Wanasema una mikono mizuri," Euay Chan ananiambia. Mwongo. Baadaye nilipoanza kusikia vizuri nikagundua kuwa walikuwa wanajadili makalio yangu, na kwamba walikuwa wanayasifu. Nilikasirika wiki nzima. Lakini hata hasira ile ilikuwa na raha kidogo, kwa kuwa ilikuwa ya mtu anayeelewa.

Sababu ya Euay Chan kunibana hivyo ilikuwa moja, na aliniambia mapema. Kila mwaka kaunti inamtuma mtu kuja kumpima bibi: anaweza nini, hawezi nini, na kwa hiyo anastahili masaa mangapi. Mwaka uliotangulia, Euay Chan akiwa kazini, Mae Tou alimwambia mpimaji kwamba anaweza kila kitu. Masaa yakapunguzwa. Tangu hapo amepata kiharusi cha pili, na Euay Chan amemaliza siku zake zote za ruhusa hospitalini, akikosa kazi tena anafukuzwa.

"Safari hii wanamtuma Mlao," akaniambia. Alikuwa anaosha mchele, maji yakimtoka viganjani. "Wanadhani wametusaidia. Kwa Mlao mwenzake ndipo ataongopa zaidi. Hawezi kumwambia mtoto wa watu kwamba anaogeshwa."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Wewe utakaa pale. Wataongea Kilao kitupu. Mama akisema anaweza, wewe unasema hawezi. Unasema mbele yake. Akikasirika akasirike."

"Nimeelewa, Euay."

"Usiniambie umeelewa. Jifunze."

Niliujua ugumu wa jambo lile siku nyingi kabla ya siku yenyewe, na niliujua kwa kusikia, si kwa kuambiwa. Ilikuwa Februari mwanzoni, jua lisilo na joto, mlango wa gereji umefunguliwa nusu. Mae Tou na rafiki yake Bibi Sy, anayekaa mtaa wa pili, walikuwa juu ya mkeka wanachambua majani. Mimi nilikuwa nyuma yao ninambadilisha Neema nepi juu ya kisanduku cha vifaa. Walikuwa wanazungumzia kambi ya wakimbizi walikokaa baada ya kuvuka mto, na mimi nikawa ninasikiliza kama unavyosikiliza redio ya jirani, na ghafla nikatambua kuwa hakuna kinachonipita. Maneno yalikuwa yanaingia yenyewe, hayabishi hodi.

"Akija mwenye kalamu, wa kuchagua nani apande ndege," alikuwa anasema Mae Tou, "unasimama wima. Unaumwa? Siumwi. Unaweza kufanya kazi? Naweza. Unaweza kubeba? Naweza."

"Hata ukiwa umevunjika," akasema Bibi Sy.

"Hata ukiwa umekufa. Baba Chan yeye alisema kweli. Aliulizwa kifua, akasema, ndiyo, kinanisumbua usiku. Wakaandika. Wakasema tusubiri. Tukasubiri." Akapuliza mdudu kutoka kwenye jani. "Mimi na mtoto tulipanda ndege. Yeye tulimwacha kule kilimani, kaburini."

"Alikuwa mtu mkweli."

"Alikuwa mjinga," akasema Mae Tou, kwa mapenzi kabisa, na wote wawili wakacheka.

Nilisimama pale na nepi chafu mkononi. Furaha ya kuelewa lugha na uzito wa nilichoelewa vilinifikia kwa pamoja. Nikapanda sebuleni nikaitazama picha ya Baba Chan, yule mtu wa magwanda, na soda yake. Ningeweza kumwambia Euay Chan jioni ile: mama yako hasemi uongo kwa aibu tu, kuna kisa. Sikumwambia. Nilidhani anakijua, binti yake. Na pengine sikutaka kuwa mtu anayechukua maneno ya mtu mzima gereji na kuyapeleka juu.

Mpimaji alikuja wiki tatu baadaye, saa nne asubuhi. Msichana wa umri wangu, Mlao aliyezaliwa hapahapa, nywele zimebanwa nyuma, kompyuta kifuani, viatu amevua mlangoni bila kuambiwa. Akainama na kuunganisha viganja usoni kumwamkia bibi. Mae Tou alikuwa ameniamsha mapema nimvishe. Sketi ya hariri yenye pindo la dhahabu, ambayo huvaliwa hekaluni. Rangi ya mdomo, nilimpaka mimi, nikafuatisha ule upande ulioanguka. Kifaa cha kutembelea akaamuru nikifiche kwenye chumba cha kufulia. Na msichana alipobisha hodi, yule bibi, ambaye kila asubuhi nilimwinua kitandani kwa kumkumbatia kifuani na kuhesabu mpaka tatu, alisimama kutoka kwenye kochi peke yake, akaenda hatua nne mpaka mlangoni akishika ukuta kwa ncha za vidole, kama mtu anayekagua vumbi.

"Mae Tou, unaoga mwenyewe?" msichana akauliza kwa Kilao, Kilao cha kitoto kidogo, laini.

"Naoga."

"Kila siku?"

"Mara mbili."

Jana yake nilikuwa nimemtoa kwenye beseni ameshika shingo yangu, analia.

"Ngazi unapanda?"

"Nimepanda milima, ngazi ni nini?"

"Na kupika?"

"Kama si mimi, nani? Huyu?" Akaninyooshea midomo. "Huyu anaunguza hata maji."

Msichana akacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka. Niliucheka mzaha wa Kilao kwa sekunde ileile aliyoucheka Mlao, na hakuna zawadi ya masomo niliyowahi kupewa iliyokuwa tamu kama ile, na huku masaa ya bibi yalikuwa yanamomonyoka kwenye ile kompyuta, tik, tik, tik. Nguo? Navaa. Dawa? Nakumbuka. Choo? Naenda. Miguu ilikuwa inamtetemeka chini ya hariri na aliiwekea kiganja juu yake kuituliza. Nilikuwa naiona. Msichana alikuwa anatazama kioo cha kompyuta yake. Mwishoni akanigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa heshima, "Wewe unayemtunza, una la kuongeza?"

Hapo ndipo. Mwaka mzima wa daftari ulikuwa kwa ajili ya hapo. Nikafungua mdomo. Mae Tou hakuniangalia. Alikuwa anatazama mbele, mgongo umenyooka, kama mtu anayepigwa picha. Akasema kwa Kilao, polepole, ili yasinipite, "Mjukuu, mgeni hajapewa maji."

Nikaenda kuleta maji. Nilisimama kwenye lile jiko jipya lisilotumika, bomba linatiririka, glasi imeshajaa na inamwagika, nikijiambia, rudi useme. Sema tu. Lakini nilikuwa namwona yule mwanaume aliyesema kifua kinamsumbua. Nilikuwa najiona mimi mwenyewe mbele ya dirisha la ubalozi, miaka miwili nyuma, nikijibu kila swali jinsi lilivyotaka kujibiwa, mgongo wima vivyohivyo. Na nilikuwa nimelelewa hivi: mtu mzima hakanushwi mbele ya mgeni. Ndani ya sebule yake! Amevaa nguo zake za hekaluni! Nikarudi, nikampa msichana glasi kwa mikono miwili, nikasema, "Ni kama alivyosema." Nikasaini pale aliponionyesha.

Gari lake lilipotoka tu, Mae Tou akajaribu kuinuka na hakuinuka. Sketi ya hariri ilikuwa imelowa yote. Alikuwa ameshikilia kwa saa nzima asiombe kupelekwa chooni, na ikamshinda wakati wa kuaga. Nilimbeba, nikamvua, nikamwogesha, na nilimfokea kwa Kiswahili huku nampaka sabuni, kwa sauti ya juu mpaka Neema akaanza kulia mlangoni. Nilimwambia ametuua. Nilimwambia ni mkaidi, mjeuri, na kwamba huyo msichana hakuwa na ndege ya kumpandisha wala kumshusha. Hakuelewa neno, au alielewa yote. Akanishika mkono wenye povu akasema, "Bo pen nyang." Wanalisema mara mia kwa siku. Si kitu. Haidhuru. Na ilidhuru, ilidhuru sana, nikatamani kuivunja hiyo sentensi kwenye vigae.

Barua ilipokuja, masaa yalikuwa yamekatwa zaidi ya nusu. Euay Chan aliisoma amesimama gereji, koti mwilini.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Alisema nini?"

Kulikuwa na nafasi nyingine hapo, na hii haikuwa na mgeni wala hariri wala mtu mzima wa kumwonea haya. Ilikuwa na mimi tu. "Sikuelewa vizuri, Euay," nikasema. "Waliongea haraka."

Akaikunja ile barua. "Mwaka mzima," akasema. "Mtoto wako anaelewa."

Akakata rufaa. Akaambiwa anahitaji maelezo ya mtu aliyekuwepo, kwamba majibu ya mama yake hayakuwa kweli. Akaniomba, yeye asiyeomba, akaweka karatasi na kalamu kwenye mkeka mbele yangu. Ningeandika nini? Kwamba nilisikia, nikaelewa, nikasema ni kweli na kusaini? Niliogopa watanifutia kibali cha kazi ya kutunza watu, ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho nchi hii. Nikarudia: sikuelewa. Rufaa ikakataliwa. Nikatafuta kazi kwenye nyumba ya wazee na chumba Columbia Heights, nikaondoka Jumapili moja na kigari cha mtoto na mifuko miwili, na Mae Tou akanipungia mkono mzuri kutoka dirishani. Mchana wakawa wanamwacha peke yake na simu ubavuni. Agosti alianguka bafuni, akavunjika nyonga, akalala pale chini mpaka binti yake aliporudi kutoka Plymouth. Baada ya hospitali hakurudi nyumbani. Walimpeleka kwenye makao ya wazee, si haya ninakofanya kazi, mengine, ambako hakuna hata mhudumu mmoja anayejua Kilao na jioni wanapewa viazi vilivyopondwa. Nilikwenda kumtazama mara mbili. Mara zote mbili aliniuliza kama nimekula. Mara ya tatu nilifika mpaka maegesho ya magari, nikageuza.

Alikaa huko karibu miaka saba. Jumamosi nikamchukua Neema, ambaye sasa anakaribia miaka tisa na hakumbuki hata neno moja la Kilao, Kiswahili anakisikia lakini anakujibu Kiingereza, nikampandisha kwenye basi pamoja nami tukaenda hekaluni. Wanawake walikuwa jikoni nyuma ya ukumbi, meza ndefu, vibao, visu vizito, wanakatakata nyama ya ng'ombe kwa ajili ya watu mia na zaidi. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Nikanawa, nikachukua kisu. Euay Chan alikuwa upande wa pili wa meza, amevaa nyeupe ya msiba, nywele zake zimekuwa za kijivu. Alinitazama mara moja akaendelea kukata. Tulikata vile labda nusu saa, Neema amekaa kwenye stuli nyuma yangu na kitabu. Na mimi nikiwaza, nikinyamaza leo nitanyamaza mpaka na mimi nivishwe nyeupe.

Nikasema kwa Kilao. Sikuwa nimekisema kwa miaka, kilitoka na kutu, lakini sauti zilipanda na kushuka zilikotakiwa. "Euay Chan. Siku ile ya mpimaji nilielewa. Alisema anaoga mwenyewe, mara mbili kwa siku. Alisema amepanda milima, ngazi ni nini. Alisema mimi naunguza hata maji, na nikacheka. Nilielewa yote. Nikasema ni kweli."

Visu vya wanawake wawili wa jirani vikasimama. Cha Euay Chan hakikusimama. Alimaliza fungu lililokuwa mbele yake, akalisukumia kwenye bakuli kwa ubavu wa kisu, halafu akazungumza kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa. Alizungumza sentensi tatu au nne. Alipomaliza akafuta mikono kwenye aproni akatoka kwenda ukumbini, ambako watawa walikuwa wameanza kuimba.

Neema alikuwa ameshuka kwenye stuli. Akanivuta shati, akaniuliza kwa Kiingereza chake, "Mama, amesema nini?"

Ningeweza kumwambia amesema asante kwa kuja. Mtoto angejuaje? Nikaweka kisu chini.

"Amesema miaka saba amemlaumu msichana wa kaunti, na amemlaumu mama yake, na amejilaumu yeye kwa kutokukosa kazi siku ile. Amesema kumbe ni mimi. Amesema nimalize hii nyama, kwa sababu watu wana njaa, halafu tuondoke, na nisije kwenye kuchoma maiti."

Neema akafikiri. "Ni kweli ni wewe?"

"Ni mimi," nikamwambia.